Kona ya Ukucha Haichokonolewi

Wajukuu zangu wa Bukoba na Muleba, neno langu ni fupi ingawa maelezo yake ni marefu, na ninalitanguliza ili hata atakayechoka kunisikiliza awe amekwisha kulipata. Ukucha wa kidole gumba cha mguu ukikuuma pembeni, usiuchokonoe. Usiingize pini, wala ncha ya wembe, wala sindano ya kushonea, wala mwiba wa mlimau. Ukate kwa mstari ulionyooka, uache kona zake mbili zionekane juu ya nyama, na kidole kikizidi kuvimba nenda hospitali kingali na uvimbe tu, kabla hakijatoa usaha.

Mzee akiita vijana, watu hutarajia azungumzie mashamba, ndoa au pombe. Mimi nimechagua ukucha kwa sababu nimewaona wengi mno wakiteseka kwa jambo ambalo lingekwisha kwa beseni la maji ya chumvi. Nimemwona dereva wa bodaboda ameshindwa kubadili gia kwa mguu wa kushoto. Nimemwona mwanafunzi wa bweni akitembea kwa kisigino kutoka bwenini hadi bwaloni, na mama muuza ndizi aliyekata kiatu kizima upande mmoja ili kidole kipate nafasi. Ukiwauliza walivyoanza, wote wanakusimulia habari moja: kulikuwa na maumivu kidogo kwenye kona, wakachukua ncha wakachokonoa, wakapata nafuu ya siku chache, kisha yakarudi yakiwa makali zaidi.

Kwa nini sisi watu wa Kagera tuna haraka hivyo ya kushika pini? Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu, na jibu langu ni funza. Sisi tulikulia katika nyumba zenye sakafu ya udongo iliyotandikwa nyasi, mbuzi wakilala humo humo au ubavuni mwa nyumba. Jioni mama alitukalisha mlangoni penye mwanga, akaweka mguu wa mtoto juu ya goti lake, akatoa funza mmoja mmoja. Alianza kwa kupasua ngozi kidogo kuzunguka lile doa jeusi, akaufungua ule mfuko mweupe wa mayai polepole ili usipasuke, akautoa mzima, kisha akapaka mafuta ya taa kwenye tundu. Na funza huyo hupenda kukaa hapo hapo tunapozungumzia, pembeni mwa ukucha. Asiyetolewa funza alishindwa kutembea, vidole vikaharibika, kucha zikaota kombo au zikang'oka. Basi mikono yetu ikazoea kuamini kwamba panapouma pembeni mwa ukucha pana kitu ndani, na kitu hicho hutolewa kwa ncha.

Funza mwenyewe ni mgeni katika bara hili. Kwao ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 meli iitwayo Thomas Mitchell, iliyotoka Brazil, ilimshusha Ambriz kwenye pwani ya Angola, akiwa katika mchanga uliotiwa ndani ya meli ili kuipa uzito. Kutoka hapo alipanda miguuni mwa wapagazi, askari na wafanyabiashara, akapita Kongo, akafika kwenye maziwa yetu, na kabla karne ya 19 haijaisha alikuwa amekwisha kufika Zanzibar. Alivuka bara zima katika muda usiozidi miaka thelathini, na kila alikopita watu walijifunza kutumia ncha kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Leo hata huyo funza halazimiki kuchimbwa. Yako mafuta ya dimetikoni, yaliyofanyiwa majaribio kwa wagonjwa wa Kenya na Uganda, ambayo ukimdondoshea yanamziba pumzi akafia humo humo bila ncha kugusa mwili wako.

Mama zetu hawakukosea. Somo la pini lilikuwa la funza, nasi tukalihamishia kwenye ukucha ambako halina kazi. Funza ni mdudu aliyeingia kutoka nje. Akitoka, mambo yamekwisha. Ukucha ni mwili wako mwenyewe. Unaota usiku na mchana kutoka kwenye mzizi uliofichwa chini ya ngozi, nyuma ya pale unapoanza kuuona. Kipande unachokitoa leo kinafuatwa na kipande kingine, nacho kitasukumwa mbele kupitia njia ile ile uliyoijeruhi.

Vueni viatu mtazame vidole vyenu wenyewe. Ukucha wa kidole gumba umekaa juu ya nyama, na kila upande una mfereji mdogo ambamo ukingo wake unapita. Mbele, kwenye kona, ukucha unatakiwa uwe umepita juu ya nyama, uikandamize kidogo, uizuie isipande. Sasa mtu anachukua wembe, anaikata kona kimshazari kwa sababu inamkwaruza kwenye soksi. Nyama iliyokuwa imezuiwa inainuka na kujaza nafasi. Wembe nao haukufika mwisho wa mfereji, kwa hiyo kule ndani kabisa, mahali ambapo jicho halioni, kimebaki kibanzi chembamba chenye ncha. Ukucha wa kidole gumba huota karibu milimita moja na nusu kwa mwezi. Hesabu mwenyewe: wiki chache baadaye kile kibanzi kimefika kwenye nyama iliyopanda, na kwa kuwa hakiwezi kupita juu yake, kinapita ndani. Hapo ndipo unaposikia maumivu, unashika pini tena, unakikata kwa nyuma zaidi, na unaacha kibanzi kingine kilichojificha zaidi ya kile cha kwanza.

Mwanzoni kidole huwa chekundu na kinauma kikiguswa na shuka tu. Kikiachwa kinatoa usaha wenye harufu. Kikiendelea kuachwa, mwili unaanza kuotesha kinyama chekundu, laini, kinachovuja damu kwa kuguswa kidogo, na kinyama hicho kinapanda juu ya ukucha mpaka ukingo wake hauonekani tena. Mtu akifika hapo hudhani ameota uvimbe mbaya. Ni jeraha tu ambalo limenyimwa nafasi ya kupona, kwa sababu mwiba wake bado umo ndani na unaendelea kuota.

Nitawaeleza habari za kijana mmoja wa upande wa Kamachumu, mtoto wa jirani zangu, mchezaji mzuri wa mpira. Alinunua njumu za mtumba zilizopungua namba moja, maana zilikuwa nzuri na bei yake ilikuwa ndogo. Kila jioni alikimbia nazo, kidole kikigonga mbele, na alipiga mipira mingi kwa ncha ya mguu. Ukucha ukaanza kuuma. Akakata kona. Ukauma zaidi, akachimba. Rafiki yake akamwambia akate alama ya V katikati ya ukucha ili pande mbili zivutane kuelekea katikati, akafanya. Jambo hilo nimelisikia tangu ujana wangu na halina ukweli wowote, kwa kuwa ukucha unaota kutoka nyuma kwenda mbele, na pengo la mbele haliwezi kuuvuta ubavu wake. Kisha akaenda duka la dawa kununua rangi mbili, akafungua vidonge na kumwagia unga wake kwenye kidonda. Mwingine wa gereji akampa maji ya betri. Hayo yalimuunguza mpaka ngozi ikatoka.

Siri yake ilijulikana siku ya kukamua rubisi. Familia yao ilikuwa na harusi, na wanaume walikuwa wameitwa kukanyaga ndizi. Ninyi mnaokulia mjini labda hamjaiona kazi hii kwa karibu. Ndizi mbivu humenywa, zikatiwa ndani ya mtumbwi wa mti pamoja na nyasi, na wanaume walioosha miguu vizuri huingia wakakanyaga kwa mwendo mmoja, ndizi zikipondeka na kushikana na nyasi, mpaka juisi inachuruzika safi. Baadaye huchanganywa na mtama uliokaangwa, ikafunikwa na kulala hadi iumuke. Hapo miguu hukaguliwa, kwa sababu ni kinywaji cha watu. Kijana alisimama nyuma na soksi zake, akitoa visingizio. Mzee mmoja akamwambia kwa upole, "Mwanangu, tuone miguu." Alipovua, kidole kilikuwa kimevimba mara mbili, na harufu ikasikika mpaka kwa waliokuwa wakimenya ndizi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu bahati yake aliumbuliwa mapema. Alipelekwa hospitali kesho yake asubuhi, naye baba yake akaniomba niwasindikize.

Niliyoyaona huko nawasimulieni kwa sababu woga wa hospitali ndio unaowafanya vijana washike pini. Tabibu alimlaza, akasafisha mguu kwa dawa, akamchoma sindano ya ganzi pande mbili chini ya kidole, karibu na kinapoungana na mguu. Hiyo sindano inauma, sitawadanganya, lakini ni kwa muda mfupi. Baada ya dakika chache akakibinya kidole, kijana akasema hasikii kitu. Tabibu akafunga mpira mwembamba kwenye shina la kidole ili damu isitoke. Hakuung'oa ukucha wote. Alikata ukanda mwembamba wa pembeni kutoka mbele hadi kwenye mzizi, akaushika kwa koleo, akauzungusha ukatoka mzima. Aliuweka juu ya shashi, nami nikauona: mwisho wake palikuwa na kibanzi kilichochongoka, kimelowa usaha, urefu wake hauzidi punje ya mchele. Hicho ndicho kilichokuwa kimemlaza kijana mwenye mapaja ya mchezaji. Kisha tabibu akachovya pamba kwenye fenoli, akaisugua pale penye mzizi wa ule ukanda ili usiote tena, akaosha, akafunga bendeji, akafungua ule mpira.

Hiyo fenoli iulizieni. Wapo wagonjwa wanaosisitiza ukucha ung'olewe wote, wakiamini kwamba wakiutoa wote ugonjwa nao umetoka. Ukucha wa kidole gumba ukitolewa wote huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kuota upya, na kwa kuwa mzizi haukuguswa, mara nyingi unarudi na kuingia nyamani kama ulivyoingia mwanzo. Kutolewa ukanda wa pembeni peke yake, mzizi wake ukachomwa, ndiko kunakozuia usirudi kwa watu walio wengi. Ukucha utakuwa mwembamba kidogo kuliko ule wa mguu wa pili, basi. Muulize tabibu kwa heshima, "Mzizi wa pembeni mtauchoma?" Hakuna tabibu mwema atakayekasirika. Baada ya hapo siku ya kwanza unainua mguu juu ya mto, bendeji inabadilishwa kama ulivyoelekezwa, na kidole kitavuja majimaji kwa wiki mbili, tatu, hata zaidi ya mwezi, kwa sababu fenoli imeunguza. Hilo lisikutishe. Wekundu unaopanda juu ya mguu, homa, au mtoki kuvimba kwenye nyonga, hivyo ndivyo vya kukurudisha hospitali siku hiyo hiyo.

Hospitali tunazo. Muleba kuna Ndolage, Rubya na Kagondo, na Bukoba mjini kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, mbali na vituo vya afya vilivyotapakaa katika tarafa zetu. Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, nao watakuambia kama kazi hiyo wanaifanya au wakuandikie barua uende mbele.

Lakini wengi wenu hamhitaji kufika huko, kama mtaanza kwa wakati. Kidole kikiwa chekundu tu, hakina usaha, chukua beseni la maji ya uvuguvugu, tia chumvi kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita moja au mbili, ukiloweke humo dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa siku. Kifute mpaka kikauke kabisa. Ngozi ikiwa imelainika, iburute nyama taratibu kwa kidole cha mkono iache ukingo wa ukucha. Chukua pamba safi kidogo sana, isokote, uichomeke chini ya kona ili ukucha uinuke upite juu ya nyama. Pamba hiyo ibadilishwe kila siku. Ukiiacha inaoza na kuleta usaha. Kama kuinua ukucha kunakuuma sana, tumia plasta: bandika mwanzo wake kwenye nyama iliyovimba, kando kabisa ya ukucha, uvute nyama kwa nje, kisha izungushe plasta kimshazari chini ya kidole. Nyama ikivutwa inaachana na ukucha na maumivu yanapungua siku ile ile. Nimewafundisha hili wajukuu wangu wa nyumbani, na napenda kwamba halihitaji fedha. Kinachohitajika ni uvumilivu wa wiki kadhaa, mpaka kona ya ukucha itakapopita mbele ya nyama, nawe usiiguse kwa wembe katikati ya safari hiyo.

Vidonge vya kuua wadudu havitoshi peke yake wakati kibanzi kimo ndani. Vinapunguza usaha, unafurahi, dozi ikiisha usaha unarudi. Na kumwagia unga wa rangi mbili kwenye kidonda ni kupoteza fedha na kuufundisha ugonjwa kuizoea dawa.

Sasa viatu. Kila nikikaa stendi ya Bukoba naangalia miguu ya watu, na naona mateso mengi yaliyong'arishwa kwa kiwi. Viatu vya mchongoko vya harusini, viatu vya shule ambavyo mtoto amerithi kwa kaka yake, raba za mtumba zilizochaguliwa kwa rangi. Ukitaka kujua kama kiatu kinakufaa, simama peku juu ya kipande cha boksi, chora mguu wako kwa kalamu, kisha weka kiatu juu ya mchoro. Kiatu kikiwa kidogo kuliko mchoro, mwili wako utalipa hiyo tofauti, nao utailipa kwenye kidole gumba. Kinunue jioni, miguu ikiwa imetanuka kwa mwendo wa mchana, na pawe na upana wa kidole cha mkono kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu. Wazazi wa wanafunzi wa kidato cha kwanza, mtoto wa miaka kumi na minne miguu yake inakua haraka. Mpime kila likizo, maana wengi hawasemi.

Na huku kwetu kuna mvua. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mtu wa kibanja anashinda ndani ya gambuti kuanzia alfajiri, akipalilia migomba na kuchuma kahawa. Ndani ya gambuti mguu unatoka jasho, ngozi inalainika, na nyama laini haiwezi kuuzuia ukingo wa ukucha. Wavuvi wa Bumbire, Ikuza na Goziba wana taabu hiyo hiyo, miguu yao inalala na maji ya mtumbwi. Siwaambii mwache gambuti, maana nyoka wapo na miiba ipo. Nawaambia mzivue saa ya chakula, mkaushe katikati ya vidole, mzipindue zipate upepo usiku, na muwe na soksi mbili za kubadilisha. Ukucha unaogeuka njano, ukawa mnene na kumomonyoka, huo mara nyingi ni fangasi, na ukiachwa unajikunja na kuingia nyamani. Unatibika, ila kwa miezi, na dawa yake lazima mtu aandikiwe.

Nawaombeni mnisikilize hapa kuliko pote. Kidonda cha ukucha ni mlango, na katika vibanja vyetu mlango huo unafunguka kwenye samadi. Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni na kwenye kinyesi cha ng'ombe, kile kile tunachokitandaza kwenye migomba ili itupe mikungu. Vikiingia kwenye tundu refu lililochimbwa kwa pini, mahali pasipo na hewa, vinastawi. Dalili mara nyingi huanza kati ya siku ya 3 na ya 21: taya linakaza, shingo inakakamaa, mwili unajikunja kwa mishtuko. Watoto huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, lakini kinga hiyo inapungua kadiri mtu anavyokua. Wasichana huchomwa tena sindano ya pepopunda wanapokuwa wajawazito kliniki. Wavulana hakuna anayewaita. Kijana wa kiume mwenye miaka ishirini, anayebeba samadi kwa mikono na kuchimba kucha kwa mwiba, huenda hajapata sindano hiyo tangu utotoni. Ukienda na kidole chako hospitali, iulizie.

Tena, ncha haichangiwi. Nani aliye na sababu kuliko sisi? Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa hapa mkoani Kagera mwaka 1983. Tulizika mpaka machozi yakakauka, na katika mambo tuliyojifunza kwa gharama hiyo ni kwamba wembe mmoja hautumiki na nyumba nzima. Homa ya ini aina ya B nayo hupita kwa damu kidogo sana, hata ile ambayo jicho halioni. Sasa naona bwenini kikata kucha kimoja kinazunguka vitanda vyote Jumapili mchana, na pini iliyomtoa mmoja damu inapewa mwenzake ikiwa imefutwa tu kwenye kaptula. Acheni, waitu. Kila mmoja awe na cha kwake. Na wale vijana wanaopita mitaani na kikapu cha rangi, beseni na jiwe la kusugulia nyayo, kazi yao ni halali na nawaheshimu. Lakini unapompa mguu, mpe na kikata kucha chako, na umwambie kabla hajaanza: kata moja kwa moja, kona ziache, usiingize chuma chini ya ukucha.

Kukata kwenyewe ni hivi. Oga kwanza, ukucha ulainike. Kata kwa vipande vidogo kwa mstari ulionyooka, usawa na ncha ya kidole, usishuke chini ya hapo. Ukipitisha kidole cha mkono kwenye kona, unatakiwa uguse ukucha. Ukigusa nyama tupu, umekata kupita kiasi. Kona ikiwa kali isugue kwa tupa ya kucha. Wembe uache kwa ajili ya ndevu.

Limebaki jambo la wazee wenu, na hili ni la kwenu kwa sababu mikono na macho yetu yamechoka. Kwa mtu wa umri mkubwa ukucha unakuwa mnene, na mara nyingi unajikunja pande zote mbili ukibana nyama iliyo katikati, au unapinda kuelekea juu na pembeni kama pembe ya kondoo dume. Mzee aliyelala kitandani muda mrefu hujikunja kucha zaidi, kwa sababu kukanyaga ardhi ndiko kunakosukuma kidole kutoka chini na kuutandaza ukucha. Madaktari wa Japani wamelichunguza hilo. Bibi yako hatakuambia. Ataacha tu kwenda kanisani, au msikitini, au ataanza kushika ukuta akienda uani, nanyi mtasema ni uzee. Kaa chini mbele yake, utazame miguu.

Loweka miguu hiyo nusu saa kwenye maji ya uvuguvugu, na maji hayo uyapime kwa kiwiko chako mwenyewe, maana mguu wa mzee unaweza kuwa umekufa ganzi ukaungua bila yeye kujua. Ukaushe. Kata kidogo kidogo, leo kipande, wiki ijayo kipande, usijaribu kumaliza siku moja. Ukucha uliojikunja sana usiulazimishe kunyooka, na usipasue kando zake. Huo ni wa kupeleka kwa tabibu. Mwenye kisukari kidole chake hakikatwi na mjukuu hata kidogo, kwa sababu jeraha dogo kwake linaweza kuishia kwenye kukatwa mguu, na maumivu ya kumwonya hayasikii. Kwa huyo kazi yenu ni kutazama miguu kila siku, juu, chini na katikati ya vidole, na kumpeleka hospitali mkiona hata mkwaruzo. Basi kabla hujashika mguu wa bibi au babu, muulize kama aliwahi kupimwa sukari, na kama hajui, apimwe kwanza.